Mstari Mwekundu wa Ukutani: Tujifunze Kusoma Tablo ya Afya na Usalama

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama wa kambini,

Tangu mwanzo wa mwezi huu mmeona karatasi mpya zimebandikwa mlangoni pa dispansari, na pale mnapochukulia taa kabla ya kushuka shimoni. Zina nguzo za rangi ya buluu, moja kwa kila mwezi, na juu ya nguzo hizo umepita mstari mwekundu. Karatasi nyingine ina sehemu tatu zilizopakwa rangi: kijani chini, manjano katikati, nyekundu juu. Wengi wameniuliza juu ya karatasi hizo. Mzee mmoja wa zamu ya usiku alisimama akazitazama, akasema: "Muganga, ule mstari mwekundu ni wa nini? Ni deni letu?"

Hapana, baba, si deni. Lakini swali lako ni zuri, na leo ukurasa huu utalijibu.

SHOFERI NA SAA YA JOTO

Shoferi wa lori anayepanda kutoka Beni kwenda Butembo anajua jambo hili kuliko sisi sote. Mbele yake kuna saa inayoonyesha joto la maji ya injini. Sindano inapanda pole pole kadiri mlima unavyopanda. Shoferi hahitaji kujua joto ni digrii ngapi. Anachotazama ni kama sindano imekaribia sehemu nyekundu. Ikikaribia anasimama, anapumzisha injini, anatafuta maji. Kama fundi angeifuta ile sehemu nyekundu, sindano ingebaki, lakini shoferi asingejua asimame lini.

Grafiki bila mstari ni kama saa hiyo iliyofutwa. Nikiwaambia kwamba mwezi uliopita watu 30 walikuja dispansari na malaria, mtafanya nini na habari hiyo? Thelathini ni wengi au ni wachache? Hamwezi kujua mpaka mwe na kitu cha kulinganishia. Mstari ndio kilinganisho hicho.

DARI NA SAKAFU

Kuna mistari ya aina mbili, na mtu akizichanganya atasoma kinyume.

Ya kwanza ni mstari wa dari: tusiupite. Kelele, vumbi, ajali kubwa, wagonjwa wa malaria, yote hayo tunataka yabaki chini ya mstari.

Ya pili ni mstari wa sakafu: tuufikie na tuupite. Watoto waliopata chanjo, akina mama wajawazito waliokuja kupimwa, familia zinazolala ndani ya chandarua, hayo tunataka yawe juu ya mstari.

Kwa hiyo kabla hujafurahi au kuhuzunika mbele ya karatasi, jiulize kwanza: huu ni mstari wa dari au wa sakafu?

RANGI TATU ZA KELELE

Chukueni karatasi ya kelele. Kipimo cha kelele huitwa desibeli. Wataalamu wa afya ya kazi wanasema mtu anayekaa saa 8 kwa siku katika kelele ya desibeli 85 amefika kwenye mpaka. Ndiyo maana sehemu nyekundu inaanza 85. Kati ya 80 na 85 tumepaka manjano: hapo vizibo vya masikio viwe tayari. Chini ya 80 ni kijani.

Lakini angalieni, desibeli hazipandi kama bei ya muhogo sokoni. Kila zikiongezeka 3, muda ambao sikio linaweza kuvumilia unakatika nusu. Kwa 85 ni saa 8, kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2. Ukifika 100 imebaki robo saa tu. Na mashine ya kutoboa mwamba kwa nguvu ya hewa hupita mara nyingi 110. Sikio lililokufa kwa kelele halifufuki, wala hakuna dawa yake. Baba anarudi nyumbani, mtoto anamwita mara tatu, naye anadhani mtoto amenyamaza. Ndugu mtoboaji, ukiona nguzo ya kituo chako iko ndani ya wekundu, usisubiri kapita akukumbushe kuvaa vizibo.

MSTARI WA BUTEMBO SI MSTARI WA BENI

Mstari hauchorwi kwa kukisia. Kwa malaria tunatumia njia ambayo hata mtoto wa shule ya msingi ataielewa.

Tunafungua madaftari ya miaka mitano iliyopita. Tuseme, kwa mfano, wiki fulani ya mwaka ilikuwa na wagonjwa 14, 9, 22, 11 na 17. Tunawapanga kuanzia mdogo: 9, 11, 14, 17, 22. Namba ya tatu, yaani 14, ndiyo ya katikati. Hiyo ni hali ya kawaida ya wiki hiyo. Namba ya nne, yaani 17, ndiyo mstari wa tahadhari. Tunafanya hivyo kwa kila wiki ya mwaka, na mstari unapanda na kushuka pamoja na majira ya mvua. Mahali kati ya ile ya tatu na ile ya nne tunapaka rangi, na wagonjwa wa mwaka huu wakipita juu ya rangi hiyo, tunajua jambo si la kawaida.

Kwa sababu hiyo mstari wa mahali pamoja hauazimwi mahali pengine. Butembo iko juu milimani, na usiku wake ni wa baridi. Beni iko chini zaidi, kuna joto, na mbu wanafurahi. Idadi ambayo ni ya kawaida Beni ingeweza kuwa kengele ya hatari Butembo.

Mtakumbuka mwisho wa mwaka 2018. Ebola ilikuwa Beni, na wakati huohuo malaria ilipanda kupita miaka ya nyuma. Watu wenye homa walijaa katika vituo vya Ebola kumbe wengi wao walikuwa na malaria tu. Ndipo serikali na Shirika la Afya Duniani walipofanya kampeni ya kugawa dawa za malaria na vyandarua Beni katika mwezi wa 11, na lengo lao lilikuwa kufikia watu 450,000. Bila kulinganisha na miaka ya nyuma, nani angejua kwamba malaria nayo imeinuka, wakati kila mtu anatazama Ebola peke yake?

SIKU 42

Mfano mkubwa kuliko yote tuliuona hapa hapa petu, na kila familia inaukumbuka kwa uchungu.

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, ikianzia upande wa Mangina. Ilipokwisha tulikuwa tumehesabu wagonjwa 3,470, na waliokufa walikuwa 2,287. Kila nguzo ya grafiki zile ilikuwa na mama au baba wa mtu ndani yake.

Ili ugonjwa huo utangazwe umekwisha, kulikuwa na mstari mmoja: siku 42 bila mgonjwa mpya, tangu mgonjwa wa mwisho alipopimwa mara ya pili na kukutwa hana virusi. Kwa nini 42? Kwa sababu aliyeambukizwa huanza kuugua ndani ya siku 21. Wakazizidisha mara mbili ili wawe na hakika.

Tarehe 3 mwezi wa 3, 2020, mgonjwa wa mwisho alitoka kituo cha Beni, na waganga waliimba na kucheza. Hesabu ikaanza. Mwisho ulitazamiwa tarehe 12 mwezi wa 4. Tarehe 10, siku mbili tu kabla, ikathibitishwa kwamba kijana wa miaka 26 wa Beni amekufa kwa Ebola.

Wako waliosema: siku 40 na siku 42, tofauti yake nini? Tofauti ndiyo ile. Kama waganga wangefunga vituo na kukunja mahema mapema, kwa kuwa mstari ulikuwa karibu, ugonjwa ungerudi bila mtu kuuona. Walianza kuhesabu upya tarehe 14 mwezi wa 5, na tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, ndipo mwisho ulipotangazwa. Mstari wa afya haupunguzwi kwa sababu watu wamechoka. Nao walikuwa wamechoka kweli.

MSTARI ULIOTUDANGANYA

Sasa niwaambie jambo ambalo sijivunii.

Kabla ya kuja hapa nilifanya kazi mahali pengine. Huko tuliambiwa tuchore grafiki ya ajali, na mstari uwekwe kwenye sifuri. Kikosi kinachomaliza mwezi bila ajali yoyote kilipewa primu. Mimi ndiye niliyeuchora mstari ule, kwa kalamu nyekundu na rula. Miezi mitatu nguzo zilishuka, na wakubwa wakatusifu.

Mwezi wa nne alikuja kijana mmoja jioni, mkono wake umefungwa kitambaa. Jiwe lilikuwa limemponda kidole siku 6 zilizopita. Hakusema, kwa sababu wenzake walikuwa wamebakiza siku chache kupata primu, na hakutaka wakose kwa ajili yake. Nilipofungua kitambaa, kidole kilikuwa kimeoza. Hospitali walilazimika kukikata ili kuuokoa mkono. Kidonda kile, siku ya kwanza, kingehitaji maji safi, sabuni, nyuzi chache na sindano ya pepopunda.

Nilimwuliza: "Kwa nini hukuja?" Akanijibu: "Muganga, sikutaka kupitisha mstari wako."

Neno hilo sijalisahau. Nguzo zangu hazikushuka kwa sababu ajali zilipungua. Zilishuka kwa sababu watu walijificha. Mstari uliowekwa vibaya, na hasa mstari uliofungwa na pesa, unawafundisha watu kusema uongo.

Kwa hiyo hapa tumefanya vingine. Majeraha makubwa yana mstari wa dari. Lakini majeraha madogo, na yale ya "karibu jiwe linipige", yana mstari wa sakafu: tunataka kila kikosi kilete taarifa, na kikosi kisicholeta hata moja kwa mwezi mzima hakisifiwi. Kapita wake anaitwa, tunaketi naye, tunamwuliza kuna nini. Na hakuna primu iliyofungwa kwenye mstari wowote kati ya hiyo miwili.

NAMNA YA KUCHORA KWA ORDINATERE

Vijana wetu wanaosoma ufundi wameomba niwaonyeshe kazi hii. Si ngumu.

1. Katika jedwali, safu ya kwanza andika miezi, ya pili idadi ya wagonjwa, ya tatu namba ya mstari. Namba hiyo irudie ileile katika kila mwezi: kama mstari ni 17, andika 17 mara kumi na mbili. Ukiiandika mara moja tu, utapata nukta badala ya mstari.

2. Chora grafiki ya nguzo kwa safu zote. Kisha chagua safu ya tatu peke yake, uigeuze iwe mstari, uipake nyekundu.

3. Ukitaka sehemu ya rangi, kama ile ya manjano kati ya 80 na 85, tengeneza safu mbili: moja ya 80, nyingine ya 5, yaani upana wake. Zichore kama maeneo yaliyopandana moja juu ya jingine. Lile la chini liache bila rangi, la juu lipake manjano. Wengi hukosea hapa: huandika 85 badala ya 5, na rangi inapanda mpaka 165.

4. Wanaofanya kazi na DHIS2, programu ambayo zone za afya za nchi yetu hutumia kupeleka ripoti zao, hawahitaji safu hizo. Katika mipangilio ya grafiki kuna mahali pa kuandika mstari wa lengo na jina lake.

5. Andika jina la mstari, na namba ilikotoka. Mstari usio na jina ni amri tu, na watu wana haki ya kuuliza.

TUNAYOWAOMBA

Ukipita mbele ya karatasi, simama dakika moja. Tazama nguzo ya kituo chako. Ukijeruhiwa, hata kidogo, njoo siku hiyohiyo. Hakuna atakayekuhesabia deni. Nanyi akina mama, baba akirudi na mkono umefungwa kitambaa, au akiongeza sauti ya redio kila wiki, msinyamaze. Mlete, au mtume mtoto aniite.

Mzee yule wa zamu ya usiku nilimweleza haya yote. Alisikiliza, kisha akaonyesha kidole kwenye nguzo ya kikosi chake upande wa taarifa ndogo, ambayo ilikuwa tupu. Akasema: "Basi andika moja. Juzi jiwe lilipita karibu na bega langu."

Nimeandika. Mwamba wa juu mahali pale umekaguliwa, na nguzo mbili za mti zimeongezwa.

Afya njema kwa wote.

Muganga msaidizi wa dispansari