Mitego katika vichwa vya habari vya Kiingereza

MNAMO Agosti 2009, kichwa cha habari katika Japan Today, chombo cha habari cha Kiingereza nchini Japan, kiliwaduwaza wasomaji: "Violinist Linked to JAL Crash Blossoms". Je, ajali ya ndege ina maua? Kumbe habari ilimhusu mpiga fidla ambaye babake alifariki katika ajali ya ndege ya Japan Airlines mwaka 1985, naye sasa alikuwa amenawiri katika muziki. 'Blossoms' hapo ni kitenzi wala si maua. Tangu hapo wahariri wa Kiingereza hukiita kichwa chenye utata wa aina hiyo "crash blossom".

Chanzo ni ufinyu wa nafasi. Safu ni nyembamba na herufi ni kubwa, hivyo mhariri huyatupa maneno madogo kama 'the' na 'is', ilhali hayo ndiyo humwelekeza msomaji kutambua nomino na kitenzi. Herufi 's' inayosalia mwishoni yaweza kuwa ya wingi au ya kitenzi. Kiswahili aghalabu huepuka balaa hili, kwani viambishi havitupiki: "Mpiga fidla anawiri" haliwezi kusomwa kama maua.

Nyakati nazo hupinduliwa. "Minister quits" ni waziri ambaye tayari amejiuzulu, pengine jana. "Minister to quit" ni yule atakayejiuzulu. Kisha kuna maneno mafupi yanayopendwa kwa ufupi wake tu: 'probe' ni uchunguzi, na 'axe' ni kufuta kazi au kufutilia mbali mradi. Hakuna shoka.

Mtego mbaya zaidi ni alama za kunukuu. Gazeti likiandika "Man 'stole church funds'", alama hizo humaanisha kuwa hayo ni madai ya polisi, ya upande wa mashtaka au ya shahidi. Gazeti lenyewe halijayathibitisha. Mfasiri mwenye haraka, huku saa ya kuchapisha ikimkodolea macho, huziacha na kuandika "Mwanamume aliiba pesa za kanisa". Tayari amemhukumu mshukiwa kabla ya hakimu, na mwajiri wake aweza kushtakiwa kwa kumharibia mtu jina. Kiswahili kina njia nyepesi ya kuyabeba madai hayo: "Mwanamume adaiwa kuiba pesa za kanisa". Neno 'adaiwa' lina herufi sita tu.