Haki ya Mtunzi: Onyesho la Jukwaani (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulizungumzia kitabu na picha, vitu ambavyo mwenye kuviiba hunaswa navyo mkononi. Leo tulitazame onyesho la jukwaani, ambalo taa zikizimwa halibakizi athari isipokuwa katika kumbukumbu za waliohudhuria, tuulize kama sheria yaweza kulihifadhi.

Kesi mashuhuri ya mas'ala haya ni ya Loie Fuller, Mmarekani aliyecheza amevaa sketi ya hariri pana mno, akiipeperusha huku akimulikwa taa za rangi, hata mwili wake ukatoweka na kubaki mawimbi ya nuru. Mwaka 1892 alimshtaki huko New York mchezaji aliyemwiga, na Fuller mwenyewe alikuwa amekwisha kuwasilisha maelezo ya uchezaji wake ili apate hakimiliki. Jaji akamnyima, kwa hoja kwamba kilicholindwa na sheria ni tamthilia, na mchezo usiosimulia kisa, wala kuonyesha mhusika, wala kudhihirisha hisia, si tamthilia. Hukumu hiyo naiona ya dhuluma, kwani ililidai jicho lisome hadithi pale lilipoalikwa kustaajabu tu. Fuller hakukaa kulalama: mwaka 1894 alipewa hataza ya vazi lenyewe pamoja na fimbo zake za kulipeperushia, akailinda nguo baada ya kushindwa kuilinda ngoma.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 ndiyo iliyokuja kutaja waziwazi uchezaji uliobuniwa na maigizo ya kimya, mradi yawe yamenakiliwa kwa maandishi, filamu au njia nyingine ya kudumu. Mfanya mazingaombwe Teller alikuwa amesajili igizo lake mwaka 1983: waridi limo chomboni, kivuli chake kimeangukia kitambaa cheupe, naye akikikata kivuli kwa kisu, majani ya ua la kweli huanguka. Mwigaji aliposhtakiwa alidai kwamba kiinimacho hakina hakimiliki; mahakama ya Nevada mwaka 2014 ikakubali kuwa siri ya kiinimacho hailindwi, bali igizo lililoibeba lalindwa.

Ufaransa, ambayo kwa jumla haishikilii sharti la kunakiliwa, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1992 Mahakama yake ya Juu iliamua kwamba mpangilio wa taa zilizomulika mnara wa Eiffel ni kazi ya ubunifu. Hivyo basi, auzaye picha ya mnara huo ya mchana hana wa kumwuliza, ilhali auzaye ya usiku, taa zikimeremeta, hutakiwa kuomba ruhusa.

Ngoma za jadi, ambazo mtunzi wake hajulikani, zimetengewa mlango wake katika sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, nao tutaufungua juma lijalo.