Mlinzi na Akili Mnemba
Kila askari aliyepata kulinda bonde la Bugarama, ambako mipaka ya Rwanda, Burundi na Kongo hukutana, anaijua Muganza na kiwanda chake cha saruji, Cimerwa, kilichoanzishwa mwaka 1984. Mpaka ni usalama wa taifa. Kiwanda ni uchumi wake. Vyote viwili vyahitaji mlinzi mwenye macho.

Leo limezuka jicho jingine: akili mnemba. Mashine hiyo hutambua sura na kuchambua maelfu ya picha kabla mtu hajafungua daftari. Lakini yaweza kukosea, ikamtuhumu mkulima wa mpunga asiye na hatia. Na siri iliyokabidhiwa yaweza kuvuka mpaka bila kukaguliwa.

Ndiyo sababu Serikali haikuiacha ijiendee. Sheria ya tarehe 13 Oktoba 2021 inataka taarifa binafsi zihifadhiwe nchini, ila kwa kibali. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mitandao. Mwezi Aprili 2023 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Sera ya Taifa ya Akili Mnemba.

Ndugu askari, sheria haishiki zamu. Wewe ndiwe uishikaye. Orodha ya doria au picha ya lindo usiipe programu ya simu ikuandikie ripoti. Mashine ikikuonyesha mshukiwa, hakikisha mwenyewe kabla ya kumkamata. Bunduki haijibu mashtaka, hujibu aliyeishika. Mashine nayo ni vivyo hivyo.