Usimwue Mlinzi wa Kahawa Yako

Katika vilima vinavyozunguka Bukavu, toka Kabare mpaka Kalehe, na ng'ambo kisiwani Idjwi, nyumba nyingi zina shamba dogo la kahawa. Fedha ya kahawa ndiyo hulipa karo ya mtoto, ndiyo hununua mabati na sabuni. Kwa hiyo asubuhi mapema utamwona baba akimpa mwanawe kopo na kumwambia: "Nenda, mwanangu, ukaokote wadudu katika kahawa." Mtoto huenda, hutikisa matawi, na kila mdudu mwenye rangi humtia katika kopo. Jioni hujisifu kwa kuwa kopo limejaa. Lakini, ndugu msomaji, tuchungulie ndani ya kopo hilo. Pengine mtoto amewaua wezi kumi, na pamoja nao mlinzi mmoja.

Mwizi ni nani? Jina lake antestia. Mwili wake ni mpana kama ngao ndogo, urefu wake yapata milimita 7. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, yenye mabaka meupe na ya rangi ya chungwa. Hulitoboa tunda bichi na kufyonza utomvu wake. Matunda machanga huanguka, nayo yanayobaki punje zake hupata madoa. Tena penye jeraha lile huingia vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kahawa hupata ladha ya kiazi kibichi. Wanunuzi wa ng'ambo waijua sana ladha hiyo katika kahawa ya Kivu, Rwanda na Burundi. Punje moja tu yatosha kuharibu kikombe kizima, na hapo bei hushuka.

Na mlinzi ni nani? Ni mdudu wa jamaa ambayo wataalamu huiita Reduvidi. Sisi na tumwite kunguni mwindaji. Huyu hanywi utomvu wa mti. Huwavizia wadudu wengine, huwachoma kwa mdomo wake na kuwatia mate makali. Mate hayo humlegeza windo na kuyayeyusha matumbo yake, kisha mwindaji humfyonza mpaka libaki ganda tupu. Antestia naye ni miongoni mwa mawindo yake.

Mwizi na mlinzi wote wawili ni wa ukoo mmoja mkubwa wa kunguni, na ndiyo sababu watu huwachanganya. Basi ninyi wanafunzi, shikeni alama tatu. Ya kwanza ni kichwa. Antestia kichwa chake kimezama mabegani. Cha mwindaji ni kirefu na chembamba, na nyuma ya macho kuna kama shingo. Ya pili ni mdomo, nayo yapita zote. Mdomo wa antestia ni mwembamba, umenyooka, umelala chini ya tumbo. Mdomo wa mwindaji ni mfupi, mnene, umepindika kama mundu, na ncha yake hukaa katika mfereji mdogo kifuani. Akiisugua ncha hiyo katika mfereji, hutoa mlio mdogo. Ya tatu ni mayai. Antestia hutaga mayai meupe ya mviringo chini ya jani, yapata 12 pamoja. Mayai ya mwindaji husimama wima kama vichupa vilivyobanana, kila kimoja na kifuniko chake. Lakini jihadharini! Msimshike kwa vidole, kwa maana kuchoma kwake kwauma sana. Mtieni katika chupa ya kioo, kisha mtazameni kwa chini.

Sasa tuendelee mbele kidogo. Wawindaji wenyewe si aina moja, nao kupambanua aina na aina ni kazi ngumu kuliko hiyo. Wengi watasema: "Huyu mwekundu ni aina yake, yule mweusi ni nyingine." Hasha! Rangi hudanganya. Katika nchi ya India yuko mmoja aitwaye Rhinocoris marginatus: wengine wa aina hiyo ni wekundu, wengine weusi, wengine wamechanganya rangi zote mbili. Tena kila mwindaji akiisha kujivua ganda lake la zamani, huwa na rangi hafifu kwa muda, kisha hukolea. Kwa hiyo wataalamu hawaridhiki na rangi. Hutazama kwa kioo cha kukuzia sehemu ndogo za mwili wa dume.

Na mara nyingine tofauti huonekana katika malezi. Mwaka 1959 Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesoma Makerere, alitangaza habari za Rhinocoris albopilosus. Katika aina hiyo, anayeyalinda mayai ni dume. Ndivyo alivyo pia Rhinocoris tristis wa Afrika Mashariki: baba husimama juu ya mayai na kuwafukuza maadui, hata nyigu wadogo sana watakao kutaga ndani yake. Lakini kwa Rhinocoris carmelita, mlinzi ni mama. Ni ndugu wa karibu, wa jina moja la ukoo, na kila nyumba ina desturi yake. Odhiambo ndiye aliyekuja kuanzisha huko Nairobi, mwaka 1970, chuo kikubwa cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE.

Basi ukimwona mdudu amesimama juu ya vichupa vile wala hakimbii unapomkaribia, mwache. Ukimwua, mayai yale hubaki bila mlinzi.

Hatusemi kwamba mwindaji hana dosari. Yeye hula hata nyuki, wala peke yake hawezi kuwamaliza antestia wote. Bado yatupasa kupogoa matawi, kwa kuwa antestia hupenda kahawa iliyosongamana. Na mwenye kunyunyiza dawa akumbuke kwamba dawa haichagui: humwua mwizi na mlinzi pamoja.

Walimu nao wanayo kazi njema hapa. Huko Lwiro, katika eneo la Kabare, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, na ambayo baadaye ikaitwa CRSN, ilikusanya wanyama na wadudu wa nchi hii. Shule yaweza kufanya vivyo hivyo kwa kisanduku kimoja na pini. Chini ya kila mdudu iandikwe mahali, tarehe na mti alipookotwa, kwa maana mdudu asiye na maandishi hayo hafundishi mengi.

Nawe mtoto mwenye kopo, kesho asubuhi usiwe na haraka ya kulijaza. Kila mdudu mtazame kwanza mdomo. Ukiwa umenyooka chini ya tumbo, mtie. Ukiwa umepindika kama mundu, mrudishe juu ya jani, aendelee na kazi yake.