Sarafu za Warumi: Tuzikusanye Tukizisoma

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, hebu tia mkono mfukoni utoe sarafu yoyote uliyo nayo. Ikiwa ni ile ya shilingi ishirini iliyotolewa mwaka wa 2018, utaona ndovu upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Kichwa cha mtu hukioni. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 imekataza kabisa sura ya mtu yeyote kutiwa kwenye pesa za Kenya. Je, kwa nini jambo dogo namna hiyo likaandikwa katika sheria kuu ya nchi? Ni kwa sababu sarafu si chuma cha kununulia maandazi tu. Sarafu husema, na maneno isemayo ni ya yule aliyeipiga mhuri.

Watu walioielewa siri hii mapema ni Warumi wa kale. Katika makala haya nitaeleza juu ya sarafu zao, hasa zile walizozitoa kusherehekea vita walivyoshinda na majengo waliyoyajenga. Nitaeleza pia jinsi watu wanavyozikusanya leo, na kwa nini mkusanyaji mwema hana budi kuwa msomaji mwema.

GAZETI LA MKONONI

Enzi hizo hakukuwa na redio wala gazeti la asubuhi. Dola ya Kirumi ilienea toka Uingereza hadi Misri, na raia wengi waliishi na kufa bila kumwona mtawala wao. Lakini askari alilipwa mshahara kwa sarafu. Akanunua mkate, mwoka mikate akanunua ngano, mkulima akalipa kodi, na sarafu ikarudi serikalini ilikotoka. Kila mkono ulioishika ulikuwa umeshika tangazo la serikali.

Sarafu zilikuwa za dhahabu, za fedha na za aina mbalimbali za shaba. Ya dhahabu moja ilikuwa sawa na dinari 25 za fedha, na dinari moja ilikuwa sawa na sesterti nne. Sesterti ilikuwa sarafu kubwa ya shaba ya manjano, na kwa kuwa ilikuwa pana, ndiyo iliyopendwa kwa picha za majengo. Na hilo neno "dinari" si geni kwetu. Limetoka kwa Warumi, likapitia kwa Wagiriki na Waarabu, likaingia katika Kiswahili na kukaa kama mwenyeji.

Fundi alichonga picha kwenye mihuri miwili ya chuma. Mmoja aliukita chini, juu yake akaweka kipande cha madini, kisha akashika mhuri wa pili juu na kugonga kwa nyundo. Puu! Sarafu imezaliwa. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya mkono, picha nyingine zilikaa upande, na nyingine zilikatika herufi. Ndiyo maana hutapata sarafu mbili za Kirumi zilizofanana kabisa kama hizi zetu za kiwandani.

KUZISOMA

Kwa kawaida upande mmoja una kichwa cha mtawala, na maandishi yanamzunguka kama shanga. Yamefupishwa sana, lakini ukijua machache utasoma mengi. IMP ni mkuu wa majeshi. CAES ni Kaisari. AVG ni Augusto, cheo cha mtawala mkuu. COS ni konsuli. Usishangae kuona V palipopaswa kuwa na U, kwani Warumi waliziandika hivyo. Ukiona TR P ikifuatwa na namba, umebahatika. Hayo ni madaraka ambayo mtawala alihesabu kila mwaka upya, hivyo namba hiyo hukuonyesha sarafu ilipigwa mwaka gani. Na zile herufi kubwa mbili, S C, zilizo kwenye shaba nyingi zinataja uamuzi wa Baraza la Senati.

Upande wa pili ndio wenye habari ya siku.

HABARI ZA USHINDI

Mwaka wa 30 KK mtawala aliyekuja kuitwa Augustus aliiteka Misri, nchi ya Malkia Cleopatra. Miaka miwili baadaye ikatoka dinari yenye picha ya mamba na maneno mawili: AEGVPTO CAPTA, yaani Misri imetekwa. Nchi nzima yenye mafarao na mapiramidi ikafanywa mnyama mmoja juu ya kipande cha fedha!

Claudius alituma majeshi Uingereza mwaka wa 43 BK. Baada ya miaka michache sarafu zake zilionyesha tao la ushindi lililoandikwa DE BRITANN, yaani juu ya Waingereza. Ajabu ni kwamba tao lenyewe mjini Roma lilizinduliwa mwaka wa 51, wakati sarafu hizo zilikuwa zimetembea miaka kadhaa. Majigambo yalitangulia mawe. Kumbe mtindo huo ni wa zamani!

Baadaye Trajan aliitwaa nchi ya Arabia iliyopakana na Shamu, mwaka wa 106. Sarafu zake zinaonyesha mwanamke amesimama pamoja na ngamia, na maandishi ni ARAB ADQVIS. Sisi wapenzi wa lugha tutazame hapo. Misri "ilitekwa", lakini Arabia "ilipatikana", kana kwamba iliokotwa njiani. Neno limechaguliwa kwa uangalifu, na msomaji naye alitazame kwa uangalifu uleule.

HABARI ZA UJENZI

Warumi walijua pia kwamba wananchi hawashibi ushindi. Wanataka maji, barabara na chakula. Basi nayo hayo yakatiwa kwenye sarafu. Nero alitoa sesterti yenye picha ya bandari ya Ostia, mahali ambapo ngano ya mji wa Roma iliteremshwa. Bandari imechorwa kana kwamba unaitazama kutoka angani, na ndani yake merikebu zimetia nanga. Picha ni nzuri mno, ila bandari hiyo ilianzishwa na Claudius aliyemtangulia. Mmoja alichimba, mwingine akatia sura yake.

Trajan alipoleta maji mjini kwa mfereji mpya mwaka wa 109, sarafu ziliandikwa AQVA TRAIANA, na maji yakachorwa kama mzee aliyejilaza chini ya tao. Barabara yake ya kusini mwa Italia ilichorwa kama mwanamke aliyejiegemeza akiwa ameshika gurudumu. Nguzo yake ndefu ya ukumbusho, iliyozinduliwa mwaka wa 113, iko kwenye sarafu, na hadi leo yenyewe imesimama mjini Roma. Imechongwa toka chini hadi juu picha za vita vyake dhidi ya Wadaki, watu wa nchi ambayo leo ni Romania.

NANI ALILIPA?

Sasa tumefika penye kiini cha habari. Mkusanyaji asiye makini ataweka sarafu za vita katika kisanduku kimoja na za majengo katika kingine. Lakini ngoja nikuonyeshe kwamba mara nyingi ni habari moja.

Mwaka wa 66 Wayahudi waliasi utawala wa Roma. Mwaka wa 70 Titus, mwana wa mtawala Vespasian, aliuteka mji wa Yerusalemu na Hekalu likateketezwa. Zikatoka sarafu nyingi sana zilizoandikwa IVDAEA CAPTA. Katikati pana mtende. Chini yake ameketi mwanamke ameinamisha kichwa, analia. Kwenye baadhi ya sarafu hizo, upande wa pili wa mtende amesimama mtawala mwenyewe na mkuki wake, au mateka aliyefungwa mikono.

Miaka kumi baadaye, mwaka wa 80, Titus akiwa sasa ndiye mtawala, alifungua ule uwanja mkubwa wa michezo unaoitwa Colosseum. Uliweza kuchukua kiasi cha watu 50,000. Sesterti iliyotolewa kuusherehekea inaonyesha uwanja umejaa watu hadi juu. Geuza sarafu hiyo. Upande wa pili Titus ameketi kitini, na chini yake zimerundikwa silaha za walioshindwa. Tena, wataalamu waliochunguza jiwe moja la uwanja huo, lenye matundu palipokuwa herufi za kale za shaba, wamesoma humo kwamba ulijengwa kwa ngawira za vita. Basi yule mama chini ya mtende na wale watazamaji wanaoshangilia si wageni kwa wenzao. Kilio cha mmoja ndicho kilicholipia kicheko cha wengine. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini hapa nyasi zilichorwa kabisa kwenye pesa, zikatembezwa sokoni.

Je, walioshindwa walinyamaza? La. Mwaka wa 132 Wayahudi waliasi tena wakiongozwa na Bar Kokhba. Walichukua sarafu zilezile za Warumi, wengine wakazikwangua kwa tupa, wakazipiga mihuri yao. Juu ya fedha kubwa wakatia picha ya Hekalu lililokuwa limeteketezwa. Juu ya shaba wakatia mtende, na safari hii hapana mtu anayelia chini yake. Uasi huo ulizimwa mwaka wa 135, lakini sarafu zao zipo. Ukizitazama baadhi yake kwa makini utaona bado sikio la Kaisari au herufi za cheo chake zikichungulia chini ya picha mpya. Mimi sijui hotuba inayoweza kusema zaidi ya hapo.

KUANZA MKUSANYO

Bila shaka msomaji anajiuliza kama mambo haya si ya matajiri. Sesterti ya Colosseum ni adimu na bei yake haishikiki. Hata hivyo, si zote ni hivyo. Sarafu ndogo za shaba za karne ya nne zimebaki kwa wingi na ni za bei nafuu. Tafuta ile ya Constantius wa Pili inayoonyesha askari akimchoma mkuki adui anayeanguka na farasi wake, iliyoandikwa FEL TEMP REPARATIO, kwa maana ya kurejea kwa nyakati za heri. Tafuta na ile ya Constantine yenye lango na minara miwili. Hapo umepata vita na ujenzi pamoja.

Ukishapata sarafu, usiisugue. Ile rangi ya kijani au ya kahawia juu ya shaba ni ngozi yake, na ukiing'arisha umeichuna. Ishike kwa ukingo. Iweke katika bahasha ya karatasi kavu, uandike umeipata wapi na lini. Jihadhari na bandia. Nyingi huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, hivyo huonyesha mstari wa kiungo pembeni au vitundu vidogovidogo kama vya povu. Nunua kwa mtu anayekubali kurudishiwa.

La muhimu kuliko yote, uliza sarafu imetoka wapi. Nchi nyingi zimepiga marufuku kuchimba na kuuza nje vitu vya kale, na mkataba wa UNESCO wa mwaka wa 1970 unapinga biashara hiyo ya magendo. Hata hapa kwetu ipo sheria ya mwaka wa 2006 inayolinda makumbusho na turathi. Si ukali wa bure. Mwezi wa Aprili 2010, katika jimbo la Somerset huko Uingereza, mtu mmoja mwenye chombo cha kutambua madini alikuta chungu ardhini. Alipoona ni sarafu za Kirumi, aliacha kuchimba, akafukia shimo, akawaita wataalamu. Walizitoa tabaka kwa tabaka, zikawa 52,503. Kwa kuwa walijua kila sarafu ilikaa wapi, waligundua kwamba nyingi za mtawala wa mwisho chunguni, Carausius, zilikuwa chini. Basi chungu kile hakikuwa kibubu cha kujazwa pole pole kwa miaka. Kilijazwa kwa mara moja. Lau yule bwana angezikomba usiku akaziuza, tungekuwa na sarafu bila habari.

Na asiye na senti je? Aanze na daftari. Makumbusho makubwa kama British Museum la London yameweka picha za sarafu zao kwenye intaneti. Chagua moja kila juma, uichore, uandike herufi zake na maana yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Kisha chini ya kila picha andika maswali matatu: Nani anasema? Anajisifia nini? Nani alilipa? Ukizoea kumwuliza Kaisari maswali hayo, hutashindwa kumwuliza yeyote yule atakayekuja kwako kujisifia barabara na madaraja.