Huyu Mtoto Ananiimba

Juma lililopita, mkutano ulipokwisha na viti vikawa vinapangwa, mwenzetu mmoja wa korali alitoa simu akatuita. "Njooni mtazame." Ulikuwa wimbo ambao wengi wetu tunaujua, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeuimba mwaka jana katika studio moja ndogo ya hapa mjini. Lakini aliyeonekana kwenye video si yeye. Alikuwa msichana mwembamba, amevaa vizuri sana, amesimama juu ya mawe ya Wagenia, maji yanaruka nyuma yake, naye anafungua mdomo na kuufunga. Sauti ya mama yetu ilikuwa inatoka katika kinywa cha yule mtoto. Chini ya picha waliandika jina la msichana, jina la mpiga picha, na namba ya simu ya studio. Basi.

Hakukasirika, au labda alituficha hasira yake. Alisema tu, "Huyu mtoto ananiimba." Tukacheka. Kisha tukanyamaza, maana tulikumbuka kwamba siku ile ya kurekodi alipewa pesa ya toleka ya kwenda na kurudi, pamoja na chupa moja ya soda.

Tulimwahidi kwamba tutaandika juu ya jambo hili. Tulidhani tutaandika juu ya studio na simu na vijana wa leo. Kumbe kazi ya kuimba nyuma ya sura ya mtu mwingine ni ya zamani, na huko Marekani ilikuwa kazi ya kila siku ya wanawake kadhaa wenye sauti nzuri kabisa. Na mmoja wa waigizaji ambao sauti zao zilifunikwa namna hiyo aliwahi kukaa hapa hapa kwetu.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1958, mji wetu ukiitwa bado Stanleyville. Kampuni ya filamu ya Warner Bros. ilileta watu na mashine zake kupiga sehemu za filamu The Nun's Story, chini ya uongozi wa Fred Zinnemann. Habari yake ilitoka katika kitabu cha Kathryn Hulme cha mwaka 1956, juu ya mtawa wa Ubelgiji, muuguzi, aliyetumwa kufanya kazi Kongo. Mtawa huyo aliigizwa na Audrey Hepburn, mwenyewe mzaliwa wa Brussels, mwaka 1929. Sehemu ya wagonjwa wa ukoma ilipigwa Yakusu, ukishuka mto kidogo kutoka mjini, pale ambapo Daktari Stanley Browne wa misheni alikuwa amewatibu watu kwa miaka mingi. (Wako wanaomchanganya na Katharine Hepburn, aliyekuja mwaka 1951 upande wa mto Ruiki, kwenye njia ya Ubundu, kupiga The African Queen. Hawakuwa ndugu. Ni jina tu.)

Katika filamu ile ya mtawa, sauti unayoisikia ni ya Audrey mwenyewe. Ni miaka michache baadaye ndipo alipokutana na jambo lililompata mama yetu, ila yeye alilipata kwa upande wa pili: yeye ndiye alikuwa sura.

Filamu hiyo inaitwa My Fair Lady, ya mwaka 1964. Ni habari ya msichana muuza maua wa London anayesema Kiingereza cha barabarani, na mwalimu mmoja wa matamshi anayejivuna kwamba ataweza kumfundisha kusema kama mke wa tajiri. Sisi walimu hatuwezi kuitazama habari hii bila kujikuna kidogo. Mtoto anaingia darasani na lugha ya nyumbani kwao, tunamsahihisha, tunamsahihisha tena, na siku moja anasimama mbele ya wazazi akisema kwa sauti yetu. Tunapiga makofi. Hatumwulizi ile ya kwanza ameiweka wapi.

Kwenye jukwaa la New York, tangu mwaka 1956, msichana huyo aliigizwa na kuimbwa na Julie Andrews. Lakini Jack Warner, mwenye kampuni, alikuwa amelipa dola milioni 5.5 ili apate haki ya kuifanya filamu, naye alitaka sura ambayo dunia nzima inaijua. Akamchagua Audrey, kwa dola milioni moja. Audrey hakuwa bubu wa nyimbo. Aliimba mwenyewe katika Funny Face mwaka 1957, na mwaka 1961, katika Breakfast at Tiffany's, aliimba Moon River, wimbo ambao Henry Mancini aliutunga kwa kuipima sauti yake ndogo. Kwa My Fair Lady alijifunza kwa bidii, akarekodi nyimbo, akitumaini kwamba zitatumika. Wakati huohuo kampuni ilikuwa imemwajiri mwanamke mwingine, Marni Nixon, ili aimbe nyimbo zilezile. Audrey alipoambiwa kwamba karibu zote zitafunikwa, aliondoka mahali pa kazi akaenda zake. Kesho yake alirudi, akaomba msamaha kwa watu wote kwa kuondoka vile. Vipande vichache tu vya sauti yake vilibaki ndani ya filamu, kama mwanzo wa wimbo Just You Wait.

Hapa tueleze kidogo jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, maana wengine walituuliza. Kwa kawaida wimbo hurekodiwa kwanza studioni, polepole, ukarudiwa mpaka uwe safi. Siku ya kupiga picha wimbo huo hufunguliwa kwa kipaza sauti kikubwa, na mwigizaji anacheza huku akifuatisha maneno kwa midomo. Ni pleibaki, kama tunavyoona kila Jumapili kwenye televisheni. Ikiwa aliyeko studioni ni mwingine, basi mwenye sauti lazima ajifunze jinsi mwenye sura anavyosema, anavyovuta pumzi, anavyomeza neno. Marni Nixon alilijua hilo kuliko wote. Hakuimba kama Marni. Aliimba kama Audrey ambavyo angeimba kama angekuwa na koo la Marni. Jaribuni nyumbani, mtaona ni kazi gani.

Na katika filamu hiyohiyo mwanamume mkuu, Rex Harrison, alikataa pleibaki. Alisema hawezi kuurudia wimbo mara mbili kwa namna moja. Wakamtafutia mikro isiyo na waya, wakaificha kwenye tai yake, akaimba, au tuseme alisema kwa mdundo, palepale mbele ya kamera. Kwa mwanamume ilitafutwa mashine. Kwa mwanamke ilitafutwa sauti nyingine.

Huyu Marni alizaliwa California mwaka 1930. Alikuwa mwanamuziki aliyesoma, wa kuimba opera na nyimbo ngumu za kisasa ambazo wengi waliziogopa. Mwaka 1956 aliitwa kumwimbia Deborah Kerr katika The King and I. Wawili hao walifanya kazi wakiwa wamesimama pamoja, hata ndani ya mstari mmoja: Deborah anaanza kwa kusema, Marni anapokea kwa kuimba, na msikilizaji hasikii mahali pa kushonea. Alilipwa dola 420. Baadaye alisimulia kwamba kampuni ilimtisha: siri ikitoka, hatapata kazi tena katika mji ule. Siri ilitoka, na aliyeitoa ni Deborah Kerr mwenyewe, aliyewaambia waandishi wa habari wazi kwamba zile noti za juu si zake. Sisi tunampenda Deborah Kerr kwa ajili ya hilo tu.

Mwaka 1961 ikawa West Side Story. Natalie Wood aliimba mbele ya kamera akiamini kwamba sauti itakayosikika ni yake. Filamu ilipokwisha kupigwa, Marni aliingizwa studioni akaimba upya juu ya midomo ambayo tayari ilikuwa imekwisha kwenda. Yaani ni kinyume: badala ya midomo kufuata wimbo, wimbo ulifuata midomo, pamoja na makosa yake. Diski ya nyimbo za filamu hiyo ilikaa nafasi ya kwanza Marekani majuma 54. Marni aliomba apate sehemu ya mauzo, akaambiwa hakuna. Mtunzi, Leonard Bernstein, ndiye aliyempa kutoka katika fungu lake mwenyewe, robo ya asilimia moja. Tumepiga hesabu: kila Bernstein alipopata dola 400, Marni alipata dola moja. Ni kidogo, lakini ilikuwa na jina lake juu yake.

Tukirudi kwa Audrey: wakati wa tuzo za Oscar, My Fair Lady ilipata nane. Yeye hakutajwa hata katika waliopendekezwa. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Julie Andrews, yuleyule aliyenyimwa nafasi, kwa Mary Poppins. Wengi walisema Audrey aliadhibiwa kwa sababu ya sauti ambayo si yake. Lakini tujiulize, nani aliyeamua iwe hivyo? Si Audrey, kwa maana yeye alitaka kuimba. Si Marni, kwa maana yeye aliajiriwa. Watu waliwagombanisha wanawake wawili ambao hawakuwa na ugomvi, na mwenye kampuni akaenda kuchukua tuzo ya filamu bora. Majina ya mwanzoni mwa filamu yalikuwa mengi, hata ya washona nguo na watengeneza nywele. La Marni halikuwemo.

Kuna moja ambayo ilituchekesha tulipoisoma. Filamu Singin' in the Rain, ya mwaka 1952, ni kisa cha msichana anayeazimwa sauti ili kumfunika mwigizaji mwenye sauti mbaya, na mwishoni pazia linafunguliwa watu wote wanamwona mwenye sauti halisi. Watu hulia kwa furaha. Lakini msichana huyo, Debbie Reynolds, katika baadhi ya nyimbo za filamu hiyohiyo sauti yake ilifunikwa na ya Betty Noyes, na jina la Betty halikuandikwa popote.

Wahindi walilimaliza jambo hili mapema kuliko Wamarekani. Kwao pia mwigizaji hufuatisha midomo. Mwaka 1949 filamu Mahal ilipotoka, diski ya wimbo wake mkubwa iliandikwa kwamba mwimbaji ni Kamini, ambalo ni jina la mtu wa ndani ya hadithi! Wasikilizaji waliiandikia redio barua nyingi, wakiuliza ni nani hasa anayeimba, mpaka jina la Lata Mangeshkar likatangazwa. Baada ya hapo waimbaji wa nyuma wa India wakawa mashuhuri kama nyota wenyewe, na hakuna aliyeona aibu. Tunasema hivyo ili mtu asije akatuambia kwamba watu wakijua ukweli hawatapenda tena kutazama.

Marni aliishi mpaka mwaka 2016. Aliimba kwenye majukwaa kwa jina lake, alifundisha uimbaji, akawa na kipindi cha watoto kwenye televisheni huko Seattle. Mwaka 1965 alionekana kwa sura yake katika The Sound of Music. Alikuwa mtawa, Sista Sophia, katikati ya masista wengine. Mmoja alivaa shela hapa Stanleyville na sauti yake, mwingine aliivaa miaka kadhaa baadaye na, hatimaye, uso wake.

Kwetu sheria ipo. Ni ile ya tarehe 5 Aprili 1986, namba 86-033, na haiwahusu watunzi peke yao: inawagusa pia wanaoimba na kupiga vyombo. Lakini sheria haiingii studio pamoja na mama aliyeletwa na toleka. Kinachoingia pamoja naye ni karatasi, kama ameibeba: jina langu litaandikwa wapi, nitalipwa nini, na wimbo ukiwekewa picha ya mtu mwingine nitaulizwa au hapana.

Jumatano tulikwenda watatu, pamoja na mama mwenyewe, mpaka kwenye ile studio. Tulikuwa tumejiandaa kwa maneno makali. Kijana alitupa viti. Alisema sauti peke yake haiuzi, watu wanataka kuona. Tulimwambia sawa, waone, na wasome pia. Alikubali kuongeza jina, akauliza aandike lipi. Mama alikataa jina la ubatizo ambalo limo kwenye orodha ya korali, akataka lile alilopewa na bibi yake. Kijana aliliandika, akakosea herufi moja. Mama alisimama nyuma ya kiti chake mpaka alipoirekebisha.

Tulipokuwa tunatoka, msichana wa kwenye video alifika. Alimsalimu mama kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini kwamba ubeti wa pili midomo yake inakosea, kwa kuwa hakuna aliyemweleza maneno ya pale. Wamepanga kuonana Jumamosi saa nane mchana, nyumbani kwa mama. Msichana ataleta daftari.