Kuua vijidudu kwenye mboji ya nyungunyungu

Mboji ya nyungunyungu huonekana safi: nyeusi, haina harufu kali, na mchicha wa kwenye ndoo huistawia. Lakini lundo la kawaida la mboji, likitunzwa vizuri, hujipasha lenyewe mpaka nyuzi 55 au zaidi, na joto hilo huua vijidudu vingi. Sanduku la nyungunyungu halifiki huko, maana wao wenyewe wangekufa. Kwa hiyo ukiwalisha samadi ya mbuzi au matumbo ya samaki wa hapa bwawani Mtera, bakteria wa kuharisha wanaweza kubaki. Kinyesi cha binadamu usikiweke kabisa. Mayai ya minyoo ya tumbo ni sugu sana.

Je, kila chungu kinahitaji mboji iliyopashwa moto? Hapana. Ua la barazani halihitaji. Ninachosisitiza ni miche, mboga za kuliwa mbichi, na nyumba yenye mtoto anayetambaa, kwani watoto hula udongo.

Chekecha kwanza, nyungunyungu warudi sandukuni. Lowanisha mboji kidogo, maana joto lenye unyevu huua vizuri kuliko joto kavu. Kwa mvuke, tumia debe kuukuu ambalo hulipikii tena: maji kidogo chini, mawe, kisha mboji ndani ya gunia la katani, na mfuniko juu. Fanyia nje. Fukia kiazi mviringo kidogo katikati ya mboji. Kikiiva, joto limefika. (Usikile.)

Mkaa ni ghali, hivyo mimi ningeanza na jua. Kabla ya mvua, kati ya Septemba na Novemba, tandaza mboji mbichi kiasi cha sentimita 10 juu ya nailoni nyeusi, funika kwa nailoni angavu, bana kingo kwa mawe. Iache wiki 4 hadi 6, ukiigeuza kila wiki kwa sababu pembeni hakupati moto sawasawa. Jua hupunguza vijidudu, haliui vyote, kwa hiyo mboga bado zioshwe.

Vimelea vya pepopunda hustahimili hata maji yanayochemka. Funika kidonda, vaa glovu, nawa kwa sabuni. Ukijichoma au kujikata, nenda zahanati ukaulizie chanjo.

Mboji ikipoa, changanya sehemu moja kwa tatu za udongo, uiache wiki moja ndipo upande.